Kadi Isiyotoboa Siri

Haya, sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina msichana mmoja wa Kayole, shangazi yake anayemlea, na kadi iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Msichana huyo alirithi simu ya kaka yake. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni, lakini chaji ilikuwa bado inakaa. Ilipiga picha, ilicheza michezo, ila kumpigia mtu haikuweza.

"Anti," akasema, "simu hii haina namba. Nitaiwekaje?"

"Simu haina namba, mama," shangazi akamjibu. "Namba huja na laini. Twende."

Wakashuka ngazi za ploti na kutembea hadi duka la M-Pesa karibu na stendi ya matatu, lile lililopakwa rangi ya kijani. Mhudumu alikuwa nyuma ya wavu wa chuma, akihudumia watu kupitia kitundu kinachotosha mkono mmoja.

"Tunataka laini mpya ya huyu," shangazi akasema.

"Ana kitambulisho?"

"Kitambulisho cha wapi? Bado yuko shule."

"Basi madam, tutatumia chako. Na cheti chake cha kuzaliwa mmekuja nacho?"

Walikuwa nacho. Mhudumu akapiga picha kitambulisho cha shangazi, mbele na nyuma, kisha akampiga picha shangazi mwenyewe. Msichana akashangaa. Kadi ni yake, simu ni yake, mbona anayepigwa picha ni shangazi?

Hapo ndipo pa kutega sikio. Nchini Kenya, aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha taifa, kwa hivyo laini yake husajiliwa na mzazi au mlezi. Ukiitumia laini hiyo kutukana watu au kuwatapeli, wa kwanza kuulizwa ni aliyetoa kitambulisho.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Safaricom na Kencell, kampuni ambayo leo inaitwa Airtel, zilipoanza kuuza laini mwaka 2000, mtu alinunua kadi, akaitia kwenye simu, akaondoka zake. Hakuulizwa jina. Wahalifu wakapata mwanya: mtu anatishia familia kwa simu, anatupa kadi, na hakuna anayejua alikuwa nani. Ndipo serikali ikaanzisha usajili wa laini mwaka 2010. Kanuni nyingine zikatolewa mwaka 2015. Waulizeni wakubwa wenu kuhusu mwaka 2022, Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka kila laini ihakikishwe upya. Makataa yalikuwa tarehe 15 Aprili, na foleni zilipozidi kurefuka, yakasogezwa hadi tarehe 15 Oktoba.

Turudi dukani. Mhudumu akapitisha pakiti kitunduni. Ndani yake mlikuwa na plastiki yenye ukubwa wa kadi ya benki, na katikati kipande kilichochongwa mara tatu, kimoja ndani ya kingine. Kikubwa ni cha zile simu za mulika mwizi, cha kati ni cha simu za miaka iliyopita kidogo, na kidogo kabisa, chenye urefu wa milimita 12.3 na upana wa milimita 8.8, ndicho kinachoingia kwenye simu nyingi za sasa. Kadi za kwanza duniani zilikuwa kubwa kama ile plastiki nzima. Zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, na kadi 300 za mwanzo zikauziwa kampuni ya simu ya Finland. Tangu hapo plastiki imezidi kupunguzwa. Chenye kazi ni kile kibati cha rangi ya dhahabu na kompyuta ndogo iliyofichwa chini yake.

Msichana akazima simu. Kijidirisha cha kadi hufunguliwa kwa kisindano, nacho kisindano kilipotea zamani na boksi la simu. Shangazi akavua hereni, akaingiza ncha yake kwenye kitundu cha ubavuni, akasukuma taratibu. Kijisahani kikachomoza. Kadi ina pembe moja iliyokatwa, na kijisahani nacho kina pembe kama hiyo, kwa hivyo haiwezi kukaa kichwa chini. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Igeuze.

"Hiyo plastiki iliyobaki usitupe," mhudumu akaonya. "Ina PIN na PUK."

Alisema kweli. Ukiifunga kadi kwa PIN, kisha ukakosea mara 3, itakataa kufunguka hadi uweke PUK, namba ya tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, kadi imekufa na haifufuki.

Sasa simu ikawashwa, na hapa ndipo utamu ulipo. Simu ilitafuta mnara wa karibu, na kadi ikajitambulisha kwa namba yake ya ndani yenye tarakimu 15. Hii si ile 07 au 01 mnayowapa marafiki. Tarakimu zake 3 za kwanza hutaja nchi: 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania, 641 ni Uganda. Lakini kujitaja si kujithibitisha. Mwongo pia anaweza kutaja namba ya mwenzake. Kwa hivyo mtandao huitegea kadi kitendawili.

Kitendawili chenyewe ni namba ndefu iliyookotwa kwa kubahatisha. Ndani ya kadi mna siri iliyoandikwa tangu kiwandani, na nakala yake imehifadhiwa kwa kampuni ya simu. Kadi huchanganya kitendawili na siri, hupiga hesabu, kisha hutuma jibu. Huko kampuni nako kompyuta imepiga hesabu ile ile. Majibu yakilingana, simu inapokelewa. Kila mara kitendawili huwa kingine na jibu lingine, hivi kwamba aliyenasa jibu la jana hana la kulifanyia leo. Siri yenyewe haipiti hewani hata mara moja. Na tangu ije mitandao ya 3G, kadi nayo huukagua mtandao kwanza, isije ikamjibu tapeli aliyesimamisha mnara bandia.

Baada ya muda ujumbe ukaingia: laini imesajiliwa. Vipande vya mtandao vikasimama pembeni mwa kioo. Kabla hata hawajafika nyumbani, simu ikaita.

"Fundi, ule mlango utauleta lini?" sauti nzito ikauliza.

Namba isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni, na hii ilikuwa ya fundi wa milango. Kampuni huifunga namba ya zamani kwenye kadi mpya, basi. Ndiyo maana hata wewe ukipoteza simu unaweza kurudishiwa namba yako kwenye kadi nyingine. Na ndiyo maana matapeli huipenda njia hiyo. Akijifanya wewe, akafanikiwa kurudishiwa laini yako, kadi iliyo mkononi mwako inakatika, na ujumbe wote wa benki unamwendea yeye. Kwa nchi ambayo pesa zimekaa kwenye simu tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hilo si jambo dogo.

Ndiyo sababu tapeli hukupigia kwanza. Atasema anatoka kampuni ya simu, anarekebisha usajili, umtajie namba ya kitambulisho, au PIN, au ile namba iliyoingia sasa hivi kwa ujumbe. Sauti yake ina adabu, na jina lako analijua. Wewe fanya kama kadi ilivyofanya. Kadi huulizwa na mtandao wenyewe, tena mara nyingi, na bado haitoboi siri. Mtu uliyemsikia leo kwa mara ya kwanza ana haki gani ya kuambiwa? Kata simu. Akikuandikia ujumbe, na laini yako ni ya Safaricom, upeleke kwa 333 bila malipo.

Jioni ile shangazi alimpa msichana kazi moja ya mwisho, na nawapa ninyi pia. Mwombeni mzazi apige *106# kwa simu yake. Itatokea orodha ya namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zihesabuni pamoja, hii ya baba, hii yako, hii ya nyanya kule ushago. Mkikuta namba ambayo hakuna anayeijua nyumbani, mtu amekopa jina lenu bila kuomba. Ripotini kwa kampuni ya simu kesho asubuhi, kabla ya kwenda shule.