Panga la Miwa: Chuma Kipi Kifaacho?

Mkata miwa wa Awendo hulipwa kwa kadiri ya miwa aliyoikata. Panga butu humpunguzia ujira. Naye akiingia dukani huona visu ving'aavyo kando ya mapanga meusi, akadhani king'aacho ndicho bora. Kwa kazi ya shamba sivyo.

Chuma cha pua cha panga kina kaboni kidogo, isiyofika sehemu moja katika mia, nayo ndiyo ikipayo ugumu kipashwapo moto na kupozwa ghafula. Chuma kisichoshika kutu, alichokitengeneza Harry Brearley huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kimeongezwa kromi, sehemu kumi na zaidi katika mia. Kromi hufanya utando mwembamba usioonekana, uzuiao kutu. Lakini visu rahisi vya chuma hicho huwa laini, makali yake hayadumu. Na vilivyo vigumu havinoleki upesi kwa tupa. Panga la kaboni likigonga jiwe hupata pengo dogo tu, na mwenyewe hulinoa papo hapo shambani. Wahunzi wanaofua visu kwa springi za magari mabovu wanalijua jambo hili, maana springi nazo ni chuma cha kaboni.

Maji ya miwa yana asidi kidogo, basi jioni lioshe panga, ulikaushe, ulipake mafuta. Doa jeusi lisikutishe. Kutu nyekundu ndiyo ilayo makali.

Mama aparaye samaki Homa Bay, ambaye kisu chake hushinda majini, yeye na achukue kile king'aacho.