Kibanda cha Amani: Mandhari Yenye Kazi

Mwanafunzi, ukiulizwa kuhusu mandhari katika Kidagaa Kimemwozea, usiseme tu kwamba kibanda cha Amani ni duni. Eleza kazi yake. Amani na Imani wanafika Sokomoko baada ya safari, wakitafuta kazi. Mtoto Uhuru anapoachwa kibandani, wao ndio wanaomlea, ilhali baba yake, Mtemi Nasaba Bora, anaishi kwenye kasri. Hicho ni kinaya: penye nafasi tele hapana utu. Ukiwa mkaazi wa Kayole au Dandora, umeona chumba kimoja kikimlaza mgeni aliyefika usiku kutoka mashambani. Hali hiyo ikusaidie kuelewa, lakini thibitisha kila hoja kwa tukio la riwayani. Hapo ndipo penye alama.