Kwenda Nje kwa Miguu: Matayarisho Huanzia Nyumbani

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hata hivyo, bado wako wengi katika nyanda zetu za Ufipa wanaocheka wamwonapo mtu amebeba shanta mgongoni kwenda likizo ya kutembea kwa miguu. Huuliza: tumetembea tangu utoto kwenda shambani, kisimani na mnadani; kwa nini leo mtu atoe nauli ili akachoke? Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa. Mwenye gunia la mahindi kichwani hutazama njia; mwenye likizo hutazama nchi. Hiyo ndiyo tofauti, wala si ndogo.

Na nchi ya kutazama iko jirani. Kutoka Sumbawanga msafiri hupita Matai, akavuka mpaka pale Kasesya na kufika Mbala, mji wa Zambia uliokuwa ukiitwa Abercorn, ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake mwezi Novemba, 1918. Hapo liko Jumba la Makumbusho la Moto Moto. Toka Mbala hadi Maporomoko ya Kalambo ni mwendo wa kilomita zaidi ya 30, yaani siku mbili kwa mtu asiyekimbia. Maji yake huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, karibu mara mbili ya kimo cha Maporomoko ya Victoria. Juu kidogo ya hapo ndipo wataalamu walipofukua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa mkono wa kiumbe mwenye akili. Mwaka 2023 walitangaza kwamba kazi hiyo ina umri usiopungua miaka 476,000.

Lakini safari ya namna hii hufaulu au huharibika kabla msafiri hajatoka nyumbani kwake. Tungependa kukumbusha mambo matatu.

La kwanza ni miguu. Mtu akaaye ofisini mwaka mzima asidhani kwamba kuzaliwa Ufipa kunamtosha. Ajizoeze kwa majuma kadhaa kupanda vilima vilivyo jirani na mji, akiwa na mzigo uleule atakaouchukua na viatu vilevile atakavyovivaa. Kiatu kipya dukani ni fahari. Njiani ni malengelenge.

La pili ni mzigo. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa nyanda za juu ni wa baridi kali, hivyo sweta na blanketi si anasa. Anayekusudia kuteremka hadi Kasanga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, atakuta joto na mbu, naye achukue chandarua. Aongeze tochi, filimbi, plasta, chombo cha kuchemshia maji, na chakula kisichooza upesi, kama karanga, dagaa wakavu na unga wa ulezi. Kila kisichotumika ni jiwe mgongoni.

La tatu, na ndilo kubwa, ni hati. Mpaka wa Kalambo haukuwekwa na Walungu, ambao wanaishi pande zote mbili. Uliandikwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Lugha za Kifipa, Kimambwe na Kilungu zinakaribiana kiasi kwamba mgeni huweza kujiona yuko kwao bado. Hapo ndipo penye mtego. Mtu husimama kando ya mto, akaona ng'ambo watu wanaofanana naye, akasema: nivuke tu. Udugu hautoi ruhusa ya kuvuka. Asiye na pasipoti aende mapema Ofisi ya Uhamiaji aulize kuhusu hati ya dharura. Aulize pia Idara ya Afya kama cheti cha chanjo kinatakiwa. Kisha apite kituoni, agongewe mhuri. Tena akumbuke kwamba saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Anayerudi jioni akifuata saa ya Mbala aweza kukuta ofisi ya upande wetu imekwisha fungwa.

Isitoshe, kuvuka mto karibu na maporomoko ni hatari kuliko kosa lolote la hati. Mwamba ulioloa hauna huruma, na chini yake ni shimo lisilorudisha mtu. Hakuna picha wala majigambo ya vijana yanayolingana na maisha ya mtu mmoja.

Siku ya kuondoka ifikapo, msafiri aache nyumbani maandishi yanayoeleza njia atakayopita, wenzake ni nani, na siku ya kurudi. Aondoke alfajiri, asiende peke yake, na kila kijiji anachokifikia aanze kwa kubisha hodi kwa uongozi wa mahali hapo. Kwa desturi zetu mgeni aliyejitambulisha ni mgeni wa kijiji kizima. Asiyejitambulisha hana wa kumtafuta apoteapo.

Tunawatakia safari njema wote wanaojitayarisha. Wanaowacheka tunawaomba wangoje hadi watakaporudi, wawasikilize, halafu waamue kama miguu yao wenyewe haitamani kwenda.