Uchaguzi wa Tahasusi Huanzia Kidato cha Pili

Mwanafunzi wa Rusumo, wilayani Ngara, anayeacha Fizikia baada ya Kidato cha Pili hujifungia tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM) amalizapo Kidato cha Nne. Kwa sababu hiyo, mzazi, mwalimu na mwanafunzi wanashauriwa kuzungumza mapema, bila kusubiri fomu ya Selform.

Selform hujazwa shuleni kabla ya mtihani wa taifa, na humo mwanafunzi huonesha tahasusi na vyuo anavyovitaka. Matokeo yakitoka, Ofisi ya Rais – TAMISEMI huruhusu wahitimu, kwa muda maalumu, kubadilisha machaguo yao kwa njia ya mtandao kulingana na ufaulu.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65. Wigo umepanuka, lakini bado mwanafunzi sharti afaulu masomo yanayounda tahasusi husika.

Rusumo yenyewe ina mifano. Mtambo wa umeme wa megawati 80, unaomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, unahitaji wahandisi na mafundi, ambao msingi wao ni Fizikia na Hisabati. Shughuli za forodha na mizigo mpakani zinahitaji wajuzi wa biashara, uhasibu na lugha, kikiwemo Kifaransa.

Kabla ya kuamua, familia ipitie matokeo ya mihula iliyopita, ipime anachokipenda kijana na ilinganishe na sifa za kujiunga na chuo. Vyuo vya ufundi navyo vichaguliwe kwa makini, kwani si wote watakaoendelea na Kidato cha Tano.