Njia Panda Yenye Taa: Je, Ni Salama?

Watu wengi husema, "Njia panda hii ina taa, basi hakuna hatari." Sivyo. Taa hutoa amri, lakini haina mikono ya kuzuia motokari. Dereva asipotii, mtu ataumia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba ajali za barabarani huua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote.

Katika Kinshasa, mwaka 2013, iliwekwa mitambo yenye umbo la mtu ili iongoze motokari. Ilitengenezwa na mainjinia Wakongo walioongozwa na mama Thérèse Izay Kirongozi. Ilipata nguvu kutoka kwa jua, ikaonyesha taa nyekundu na ya kijani. Ni kazi njema. Lakini hata mtambo kama huo hauwezi kumkanyagia dereva breki.

Utajuaje kama njia panda ni salama? Usingoje mtu afe. Simama pembeni muda wa saa moja, utazame mambo haya:

1. Hesabu motokari zinazopita taa ikiwa nyekundu.

2. Hesabu breki za ghafula, na watu wanaoruka ili wasigongwe. Aliyeponea chupuchupu leo, kesho huenda asipone. Tangu miaka ya 1960 mainjinia wa Marekani wamehesabu mambo ya namna hii ili kupima hatari.

3. Pima muda wa kuvuka. Mtu mwenye afya huenda karibu meta 1.2 kwa sekunde. Barabara ya meta 12 humtaka sekunde 10. Mzee, mama mwenye mimba na mgonjwa wa magongo huhitaji zaidi. Taa ikiwageukia wangali katikati, haikupangwa vema.

4. Tazama motokari zinazokata kona. Pengine zinaruhusiwa kupita wakati uleule unaoruhusiwa wewe.

Andika hesabu yako, uipeleke kwa wakubwa wa mji pamoja na jirani zako. Ombeni sekunde ziongezwe kwa waendao kwa miguu.

Na nyumbani, wafundishe watoto hivi: Taa ya kijani ikiwaka, simama kwanza. Motokari iendayo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kwa sekunde moja, hata kabla dereva hajagusa breki. Hakikisha magurudumu yamesimama. Ndipo uvuke.