Unabadilisha paipu kuukuu kwa keja? Zijue hizi zinazojipinda kabla ya kutoa doo

Maji yanarudi baada ya siku tatu za mgao. Unafungua mfereji na kinachotoka kwanza ni kitu chenye rangi ya strungi. Unayaacha yatiririke kidogo, yanaanza kuwa safi, unajaza ndoo na maisha yanaendelea.

Iwapo unaishi katika nyumba za zamani za Eastlands jijini Nairobi, mathalan Buruburu au Umoja, mitaa iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, huenda mchezo huo unaujua vizuri. Rangi hiyo ni kutu. Paipu nyingi za enzi hiyo ni za chuma kilichopakwa zinki, zile mafundi huziita GI.

Zinki ikishaisha, chuma hubaki uchi. Mgao nao huharakisha mambo, kwa sababu paipu inayojaa maji leo na kubaki tupu kesho huingiza hewa kwenye unyevu, na hapo ndipo kutu hunoga. Magamba yake hujijenga ndani hadi paipu ya nusu inchi inabaki na tundu la kupitisha penseli. Ndiyo maana tangi linaweza kuwa limejaa juu ya paa na shawa bado inadondosha matone tu.

Siku ya kubadilisha ikifika, mara nyingi ni wewe kijana utakayeambiwa na wazazi "hebu ongea na huyo fundi". Fundi atakutajia PPR, atakutajia PEX, kisha atataka pesa za vifaa kabla ujue umekubali nini. Basi tuelewane kwanza.

Plastiki si moja

PPR ndiyo paipu ngumu, aghalabu ya kijani au nyeupe, ambayo umeiona kwa majengo mengi mapya. Huuzwa kwa vipande vya mita 4 na huunganishwa kwa mashine ya moto inayofikia nyuzi 260 za Selsiasi. Fundi huyeyusha ncha mbili kwa sekunde chache, anazisukuma pamoja, zinakuwa kitu kimoja.

PEX ni polithini ambayo chembe zake zimefungamanishwa ili ihimili joto. Mjerumani Thomas Engel aligundua mojawapo ya njia za kuitengeneza miaka ya 1960. Hii haichomelewi wala haigundishwi. Huja kama mviringo mrefu, unaikunjua na kuipinda inakotakiwa kwenda, na huunganishwa kwa viungio vya kubana, vingi vikiwa vya shaba.

Usije ukadhani kila paipu laini ni PEX. Ile nyeusi yenye mstari wa buluu inayoleta maji kutoka barabarani ni ya aina nyingine, nzuri kwa maji baridi chini ya ardhi, lakini si ya kupeleka maji moto bafuni.

Kosa la kuchanganya plastiki limewahi kuwagharimu watu pakubwa. Nchini Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, mamilioni ya nyumba ziliwekewa paipu za polibutilini. Zilikuwa rahisi kwa bei na zilijipinda vizuri. Dawa ya klorini iliyo kwenye maji ya mfereji ikazidhoofisha, zikaanza kupasuka ndani ya kuta, na kesi ikaishia kwa makubaliano ya fidia yaliyokaribia dola bilioni 1. Kujipinda peke yake si sifa ya kutosha.

Uzuri wake uko kwenye ukuta

Katika nyumba mpya, ukuta haujapigwa plasta na fundi hufanya kazi akiona kila kitu. Katika nyumba kuukuu, kila kona ni ukuta wa kuvunja, na vigae ulivyopenda huenda havipatikani tena dukani.

Hebu tupige hesabu. Tuseme maji yanatoka kwa tangi la juu hadi jikoni na njiani kuna kona tano. Kwa PPR, kila kona ni kiwiko kimoja, na kila kiwiko kina sehemu mbili za kuchomelea. Hapo ni sehemu kumi, bila kuhesabu zile za kuunga vipande vya mita 4. Fundi aliyechoka akiharakisha moja tu, plastiki hufura kwa ndani na kuziba njia, au hushika nusunusu na kuvuja baada ya miezi.

Kwa PEX, safari hiyo hiyo inaweza kuwa paipu moja isiyokatwa: kiungio kimoja mwanzo, kimoja mwisho, na vyote mahali unapoweza kuviona. Inapita juu ya dari, inashuka kwenye mfereji mwembamba uliochongwa ukutani, kazi kwisha.

Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuichagua. Paipu hazivuji katikati mara nyingi. Huvuja kwenye maungio. Kiungio kilichozikwa ndani ya plasta ni deni ambalo jirani wa chini atakuja kukudai siku dari yake itakapoanza kuota ukungu.

Vilevile unaweza kumwambia fundi aweke sehemu moja ya kugawia maji, kila mfereji ukiwa na paipu yake na koki yake. Sinki ikileta shida, unafunga ya sinki tu na wengine wanaendelea kuoga.

Mambo yanayoiua

Adui wa kwanza ni jua. Ukiianika PEX juu ya paa, miale ya jua huifanya iwe kavu na rahisi kupasuka. Sehemu iliyo nje ifunikwe vizuri, au fundi atumie paipu ya aina nyingine hapo.

Wa pili ni joto kupita kiasi. PEX nyingi zimepimwa kufikia nyuzi 93, lakini mtambo wa kuchemsha maji kwa jua unaweza kupita hapo mchana wa kiangazi. Usiunganishe moja kwa moja. Sehemu ya kutoka kwa mtambo iwe ya shaba kwanza, na hata kwa hita ya stima acha angalau nusu mita ya chuma kabla ya plastiki kuanza.

Wa tatu ni panya. Kama wasee hao wanapiga mbio usiku juu ya dari yako, shughulika nao kwanza, kwa kuwa paipu laini ni chakula cha meno.

Wa nne ni fundi mwenye nguvu nyingi. PEX haipindwi kama waya. Mpindo uwe mpana, takriban mara nane ya kipenyo cha paipu. Ikivunjika mkunjo kama mrija wa soda, kata kipande hicho, usikinyooshe kwa mikono na kukificha ukutani.

Angalia tundu, si jina

Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Paipu ya zamani ya chuma ya nusu inchi ina tundu la karibu milimita 16. PEX inayoitwa "16" imepimwa kwa nje; ukitoa unene wa kuta zake wa milimita 2 kila upande, tundu ni 12 pekee. PPR ya "20" ya maji moto, iliyoandikwa PN20, ina tundu la karibu 13.

Na presha yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Maji kutoka kwa tangi hupata takriban ba 1 kwa kila mita 10 za urefu. Tangi likiwa mita 4 juu ya shawa, una chini ya nusu ba. Ukipunguza tundu, utakuwa umelipa doo nyingi ili uendelee kuoga kwa matone. Kwa njia kuu chukua PEX ya 20 yenye tundu la 16, na ile nyembamba iishie kwa mifereji midogo.

Hili linaweza kuua mtu

Katika baadhi ya nyumba za zamani, paipu za chuma ndizo zilizotegemewa kupeleka ardhini stima iliyopotea, kazi ya waya ambao mafundi huuita athi. Ukitoa chuma na kuweka plastiki, njia hiyo inakatika kimyakimya. Maji yatatoka safi, kila mtu atafurahi, hadi siku shawa ya stima itakapopata hitilafu na mtu amesimama chini yake akiwa amelowa.

Kabla ya paipu ya kwanza kukatwa, mwite fundi wa stima aliyehitimu apime athi ya nyumba na kuiwekea njia yake. Usikubali kuambiwa "hiyo tutaona baadaye".

Muulize fundi hivi

Umewahi kufunga PEX, na kifaa cha kubania viungio ni chako au utaazima? Jibu likiwa la kusuasua, afadhali PPR iliyofungwa na mtu anayeijua kuliko PEX ya kujaribiwa kwako. Si aibu. PPR ni paipu nzuri.

Viungio vya kampuni hii vinapatikana duka gani karibu? Cha kampuni moja si lazima kikubali paipu ya nyingine, na hutaki kuzunguka mjini Jumapili jioni ukitafuta kimoja.

Alama ya ubora ya KEBS iko wapi? Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma SM#, ikifuatwa na namba hiyo, kwa 20023 uone kama ni halali.

Utapima presha kabla ya plasta? Paipu zijazwe maji, zipigwe pampu hadi mara moja na nusu ya presha ya kawaida, kisha ziachwe zikitazamwa. Plastiki hutanuka kidogo mwanzoni, kwa hivyo mshale ukishuka kiasi kisha ukatulia usiogope. Ukiendelea kushuka, kuna mahali panavuja.

Na kama wewe ni mpangaji, usitoe hata shilingi kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, kwamba gharama itakatwa kwenye kodi.

Mwisho, siku paipu zote zitakapokuwa zimelala ukutani na plasta haijapigwa, toa simu. Piga picha kila ukuta, weka futi ya kupimia ionekane kwenye picha, kisha zitume kwa grupu ya familia. Siku mtu atakapotaka kutoboa ukuta atundike runinga, picha hizo zitawaokoa.