Bia ya hapa ama ya ng'ambo? Ifuate shilingi yako kabla ya kuweka PIN

Ijumaa jioni ikifika, simu nyingi nchini huacha kulipia unga na nauli zikaanza kulipia nyama choma na vinywaji. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha malipo yanapita, basi. Hatutakwambia unywe ama usinywe. Hiyo ni juu yako, na kama hujafikisha miaka 18, makala haya si yako kabisa, rudi ukifikisha. Lakini kama wewe ni mtu wa chupa mbili tatu za wikendi, kuna swali ambalo wateja wetu hawajiulizi sana wakishaweka namba ya siri: hiyo pesa imeenda kwa nani?

Tunauliza kwa sababu friji za baa zimebadilika. Zamani ilikuwa ni kuamua tu baridi ama ya moto. Siku hizi utakuta bia za kampuni kubwa tulizozizoea, halafu zile zilizosafiri kutoka Ulaya na kwingineko, halafu kwenye kona ya chini chupa chache zenye lebo za kuchorwa vizuri usizozijua: bia za krafti, yaani zinazotengenezwa na viwanda vidogo vya hapa Kenya, kwa mafungu madogo. Majina kama Bateleur na 254 Brewing Company yameshapita kwenye rafu hizo. (Hiyo 254 unaijua vizuri. Ndiyo unayoanza nayo kila ukiandika namba yako kwa mtu wa nje.)

Rafiki zetu wengi huziruka. Wanasema ni ghali, ama ni za watu wa Westlands. Tukakaa chini tukapiga hesabu, na tunadhani chupa hizo zinastahili kuangaliwa mara ya pili.

Kwanza, "ya hapa" ni gani?

Hili swali lina utata kuliko linavyoonekana. Tusker, ile ya tembo, ni ya hapa? Kampuni yake ilianzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili wa familia ya Hurst, na jina la bia lilitokana na tembo aliyemuua mmoja wao, George, mwaka uliofuata. Inapikwa Ruaraka na shayiri nyingi inatoka kwa wakulima wa sehemu kama Narok na Timau. Lakini mwaka 2023 Diageo ya Uingereza iliongeza hisa zake kwenye kampuni mama, EABL, hadi asilimia 65. Kwa upande mwingine, Guinness ambayo wengi huiita bia ya Ireland, ile unayokunywa Nairobi imepikwa hapa hapa.

Kwa hivyo usisome jina tu, geuza chupa. Sisi tunaangalia vitu vitatu: imetengenezwa wapi, nafaka imetoka wapi, na faida inabaki wapi. Bia iliyoagizwa kutoka ng'ambo inakosa yote matatu. Bia ya kampuni kubwa inapata mawili ya kwanza vizuri sana, na tusidharau hilo. Uliza wakulima wa mtama. Senator Keg iliingia sokoni mwaka 2004, na ilipoanza kutengenezwa kwa mtama, zao hilo lililokuwa la kula nyumbani likapata mnunuzi. Mwaka 2013 serikali ilipopunguza msamaha wa ushuru wa keg, bei ikapanda, mauzo yakaanguka, na wakulima wakabaki wanatazama magunia. Msamaha ulirudishwa baadaye, lakini msimu ukishapotea umepotea.

Kiwanda kidogo nacho kina mapungufu yake, tuseme ukweli. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hutaka siku ndefu sana za kiangazi, kitu ambacho nchi ya ikweta haina. Kwa hivyo huagizwa, na mara nyingi kimea maalum pia. Anayekwambia bia yake ni ya Kenya asilimia mia, muulize hopsi amevuna wapi. Lakini mafundi, usafiri wa mjini, kodi ya jengo, stima na maji ni vya hapa, na sehemu hiyo si ndogo.

Na kama ni suala la kupika kidogo kidogo kwa mkono, sisi si wageni. Busaa ya wimbi na mahindi kule magharibi, muratina ya asali katikati ya nchi, mnazi wa Kilifi na Kwale, zote zilikuwepo kabla mtu yeyote hajalijua neno krafti. Kule pwani pia ndiko tulikoambiwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana hapa hatumsifu mtu, tunasoma lebo.

Bia haipendi safari

Hili ndilo jambo lililotushawishi kuliko uzalendo. Bia nyingi, hasa zile zenye hopsi nyingi, hazikai zikawa bora kama watu wanavyosema kuhusu mvinyo. Harufu inapungua kila wiki, na joto linaharakisha. Sasa fikiria chupa iliyotoka Ulaya: ghala la kule, meli kwa wiki kadhaa, na tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Afrika Kusini badala ya kupita Suez. Halafu kontena juani Mombasa, halafu barabara hadi Nairobi, halafu ghala lingine. Unalipa zaidi kupata bia iliyochoka zaidi.

Angalia na rangi ya chupa. Mwanga unaharibu hopsi na kuleta ile harufu ya ajabu ambayo wengine wanadhani ndiyo ladha ya bia ya kizungu. Chupa ya kahawia inakinga vizuri kuliko ya kijani ama isiyo na rangi. Bia ya kiwanda kidogo cha mjini inaweza kukufikia ikiwa na wiki chache tu tangu ipikwe. Tarehe iko kwenye lebo ama shingoni. Kama haipo, hatuinunui, iwe ya hapa ama ya wapi.

Hesabu ya ushuru

Tunajua sehemu hii watu huiruka. Usiruke, ni pesa yako.

Kabla ya mwisho wa 2024, ushuru wa bia ulihesabiwa kwa lita: KSh 142.44 kwa kila lita, kiwanda kikubwa ama kidogo. Chupa ya nusu lita ilibeba KSh 71.22 za ushuru kabla hujaanza kuhesabu VAT. Mabadiliko ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yaligeuza kipimo. Sasa kinachotozwa ni kiasi cha pombe halisi ndani ya chupa: KSh 22.50 kwa kila sentilita ya pombe, na kwa watengenezaji wadogo huru walio na leseni, KSh 10.

Chukua chupa ya nusu lita yenye kiwango cha asilimia 5. Ndani yake kuna sentilita 2.5 za pombe. Ikitoka kiwanda kikubwa ama ng'ambo, ushuru ni KSh 56.25. Ikitoka kwa mtengenezaji mdogo wa hapa, KSh 25. Tofauti ni zaidi ya shilingi 30 kwa chupa moja, na ya ng'ambo bado ina ada za bandarini juu yake.

Sasa, kama baa yako bado inauza bia ya kiwanda kidogo kwa bei ile ile ya 2024, una haki ya kuuliza tofauti imekwenda wapi. Inawezekana mtengenezaji ameitumia kujinusuru, kwa sababu kupika mafungu madogo ni gharama. Inawezekana pia baa imeiweka mfukoni. Uliza kwa heshima, weita si waziri wa fedha.

Kipimo hiki kipya kina faida nyingine: kinakufundisha kusoma asilimia. Chupa ndogo ya mililita 330 yenye kiwango cha 7 ina sentilita 2.31 za pombe. Chupa kubwa ya nusu lita ya asilimia 4.2 ina 2.1. Ile ndogo ndiyo kali. Watu wengi huhesabu chupa, kisha wanashangaa kwa nini tatu za krafti zimewalaza. Ukijua hivyo, kunywa mbili, na gari acha pale, lipa teksi kwa simu.

Namna unavyolipa ina uzito

Mtengenezaji mdogo hafi kwa kukosa wanywaji. Mara nyingi anakufa kwa kukosa pesa taslimu kwa wakati. Baa inachukua kreti kwa mkopo, inalipa ikijisikia. Wakati huo huo, Sheria ya Fedha ya 2023 iliwataka watengenezaji wa vileo walipe ushuru ndani ya saa 24 baada ya bidhaa kutoka ghalani. Mwisho wa 2024 muda ukaongezwa hadi siku 5 za kazi. Ni afadhali, lakini bado analipa serikali kabla hajalipwa na baa.

Ndiyo sababu tunapenda ununue moja kwa moja pale inapowezekana. Baadhi ya viwanda vidogo vina sehemu ya kunywea hapo hapo, ama vinauza kreti kwa mteja. Ukilipa kwa till ya biashara, pesa inamfikia siku hiyo hiyo, kwa kawaida wewe hukatwi ada, na yeye anabaki na rekodi ya mauzo ambayo anaweza kuipeleka kwa mkopeshaji. Ukituma kwa namba ya kibinafsi ya weita, hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na bili ikileta ubishi, huna pa kushika.

Hapo ndipo tunataka uwe makini. Jina la biashara likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya namba ya siri. Kama uko baa ya Mama fulani na jina ni la duka la vipuri, simama uulize. Bili ya meza igawanywe mapema, kila mtu alipe sehemu yake kwa till, badala ya mmoja kulipa yote halafu kuwafukuza wenzake hadi Jumatano. Na tafadhali, raundi ya nne isilipwe kwa mkopo wa simu. Tunatoa huduma hiyo, tunajua ada yake, na tunakwambia hivyo hivyo.

Kuhusu oda za mtandaoni: bia za krafti zimeleta matapeli wao. Ukurasa una picha safi, kreti kwa nusu bei, "tuma kwanza tutafikisha jioni". Muuzaji halali ana till yenye jina linalofanana na duka lake, na atakuomba kitambulisho mzigo ukifika, kwa sababu sheria ya 2010 ya vileo inamkataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Asiyejali umri wako hajali pia kama utapata mzigo.

Mzigo ukifika, kabla ya kufungua, tafuta stempu ya ushuru ya KRA kwenye chupa. Programu ya bure ya KRA iitwayo Soma Label inaisoma kwa kamera ya simu na kukuonyesha bidhaa na mtengenezaji. Jina likitofautiana na lebo, usinywe, na usimrudishie muuzaji chupa kimya kimya. Piga picha, hifadhi ujumbe wa malipo, kisha ripoti KRA ukiwa na namba ya muamala. Ukitaka tukusaidie kuitafuta namba hiyo kwenye taarifa yako, tupigie tu, hata kama ni Jumamosi.